Bakuli la Mzee Chekeche

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekasirika. Niandike hivyo kwanza, ingawa si jambo ninaloweza kulisahau.

Asubuhi nimempeleka Baba kwa daktari. Bawasiri. Amekaa nayo miezi mitano akituambia kosa ni la kiti. Daktari, mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, hakuzungusha maneno. Choo kigumu ndicho kinachomtesa, na dawa yake ni maji mengi pamoja na bakuli la nafaka ya pumba za ngano kila asubuhi, ile yenye nyuzinyuzi nyingi. Wiki mbili. Arudi tarehe 17. Hali ikiwa ni ile ile, kisu.

Baba aliposikia kisu alishika ukingo wa meza. Aliposikia pumba alisimama.

Lazima nieleze. Baba alifanya kazi kiwanda cha unga miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba cha machekeche. Kazi yake ilikuwa kutenga pumba na unga. Unga mweupe ulikwenda kwa watu, pumba zikaenda kwa kuku. Wenzake walimwita Mzee Chekeche, na hadi leo akiitwa hivyo barabarani anatembea wima kama askari. Sasa mwambie mtu huyo ale pumba.

Tulipofika mlangoni kwetu akatamka, kwa sauti ya hakimu, kwamba yeye hana manyoya.

Kikao sebuleni. Mama akalia kidogo. Wifi, mke wa kaka yangu, anayeishi nasi tangu kaka ahamishiwe kazi mbali, na ambaye kila mtu anampenda kwa sababu ambazo sijapata kuonyeshwa, akauliza kwa upole kwa nini tusimwulize Baba mwenyewe angependa iweje. Nikamwambia mgonjwa haulizwi, anatibiwa. Katika nyumba hii aliyesomea chakula na lishe miaka minne ni mimi. Shahada iko ukutani, ndani ya fremu, juu ya televisheni. Nikatangaza mbele ya wote: kifungua kinywa ni changu. Asiguse mtu.

Nimelifungua boksi la nafaka niliyonunua njiani. Juu yake kuna picha ya mwanamke ameshika kijiko, anacheka meno yote nje. Nimeionja nafaka yake. Sijaona anachochekea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: ladha.

Pumba hazina utamu, zinakauka mdomoni kama vumbi la randa, na zikikutana na maziwa zinageuka udongo wa kufinyangia. Yote hayo yanatibika. Nilichanganya asali, mdalasini, karanga za kuvunjwavunjwa na zabibu kavu, nikatandaza kwenye sinia, nikatia ovenini. Nikaenda chumbani kuandika lebo ya mkebe. Lebo ilitoka nzuri sana. Nafaka iliungua pembeni. Pembeni na katikati.

Baba akaketi mezani, akaomba uma. Akaanza kuchagua karanga moja moja. Kisha zabibu. Alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Baada ya nusu saa bakuli lilikuwa na pumba tupu, safi kuliko zilivyotoka kwenye boksi. Akanisukumia. Akasema asante, mama, karanga zilikuwa nzuri, ila siku nyingine uangalie moto.

Siku nyingine!

Wifi akaanza kuliosha sinia bila kuombwa. Nikamwambia aache. Akaacha. Nimelisugua mwenyewe saa nzima na limebaki jeusi. Simpendi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili: kuficha. Asichokiona hatakipinga.

Nilizisaga pumba kwenye blenda mara mbili mpaka zikawa kama poda ya mtoto. Nikazichanganya na unga mweupe kwenye debe la jikoni, nikaoka keki ndogo kumi na mbili. Zilikuwa nzuri kwa macho. Hata Mama alisema.

Baba akachukua moja. Hakuuma. Akaimega, akasugua kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na sikio. Sikio! Akasema: pumba za ngano ngumu, zimesagwa mara mbili, robo ya unga wote.

Nilikuwa nimeweka robo kamili.

Halafu akaingia chumbani kwake, akatoka na chekeche lake, lile la ukingo wa shaba alilopewa siku ya kustaafu. Akakaa barazani. Akachekecha debe zima la unga wangu. Alipomaliza akalichukua boksi nalo akalichekecha. Marundo matatu juu ya gazeti, na huku anapiga mluzi. Kufika adhuhuri unga wa nyumba ulikuwa mweupe kama pamba, na pumba zote zimeshavuka ukuta kwenda kwa kuku wa jirani.

Jirani amekuja kunishukuru. Mimi! Anasema kuku wamechangamka sana.

Siku ya tatu leo Baba hajapata choo. Kuku hawana tatizo hilo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa tatu: kumnasa kwa maneno yake mwenyewe.

Nimenunua boksi jipya. Katika daftari zangu za chuo kuna somo zima kwamba mtu hula kwa masikio pia, kitu kikivunjika vizuri mdomoni huhesabika kitamu. Kwa hiyo maziwa pembeni, nafaka kavu. Bakuli tatu, kitambaa cha Mama machoni, Baba aonje na kusema ipi inampendeza. Akishasema inampendeza, nimempata.

Alikubali haraka mno. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Bakuli la kwanza: akachukua punje moja, akaiweka ulimini, akasema boksi limefunguliwa leo asubuhi. La pili: imeanikwa juani, ni ile ile, msinichezee. La tatu: hii ilikaa karibu na sabuni. Ilikaa chini ya sinki! Mama akapiga makofi. Wifi alicheka mpaka akashika friji asianguke. Baba akavua kitambaa, akainama kama mcheza sarakasi.

Alichokula: punje tatu.

Nikapiga kelele. Nikasema hapa tunazungumzia kisu na watu wanapiga makofi, hii nyumba ina wazima wangapi? Baba akasema taratibu kwamba anajua tunazungumzia nini, maana yeye ndiye anayekikalia. Kisha akaenda chumbani, akitembea kama mtu anayekanyaga majivu ya moto.

Wifi akaniambia, polepole wifi yangu, anaogopa. Nikamjibu kwamba nimesoma saikolojia ya mlaji muhula mzima. Akasema hajasema sikusoma.

Kila anachosema yeye kinanikera, na zaidi kikiwa kweli.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nimenuna na kununa kunachukua muda.

Leo nilikuwa naanika mashuka chini ya dirisha la wazazi. Sikutega sikio. Dirisha lilikuwa wazi na mashuka yalikuwa mengi. Baba alikuwa anamwambia Mama kwamba anakiota hicho kisu. Mama akamwuliza, sasa baba watoto, kwa nini usile hata kwa kufumba macho kama dawa? Baba akajigeuza kitandani. Nilidhani amelala.

Kisha akasema kwamba miaka thelathini na mmoja aliwatengenezea watu unga mweupe. Akiona mtoto njiani na kipande cha mkate mweupe alikuwa anajiambia, huo umepita mikononi mwangu. Leo daktari anasema uzuri wote ulikuwa kwenye gunia la kuku. Sasa yeye alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa anawapunja watu?

Nami nilisimama na shuka bichi mikononi mpaka likanilowesha miguu.

Sikulia. Nilikasirika. Nimemkasirikia daktari, nimekikasirikia kiwanda, na zaidi ya wote nimejikasirikia mwenyewe. Siku sita nashughulika na ulimi wa mtu, kumbe kinachokataa si ulimi.

Mtu mwingine angeingia ndani, akakaa karibu naye, wakazungumza. Nilishika kitasa cha mlango. Kweli nilikishika.

Halafu nikapata wazo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Barua imekamilika. Rasimu nne.

Inatoka kiwandani. Inasema kiwanda kinakusudia kuanza kutengeneza nafaka ya asubuhi yenye nyuzinyuzi nyingi. Inasema vijana wa sasa wanazijua mashine lakini hawazijui pumba. Inasema hakuna aliye hai anayezijua pumba kuliko yeye aliyezitenga kwa mkono wake, na kwa heshima kubwa inamwomba aandae sampuli, aonje bakuli moja kila siku kwa siku saba, na aandike maoni yake. Wako mtiifu, Meneja wa Uzalishaji.

Muhuri nimeuchonga kwa kiazi. Suke la ngano katikati, duara nje. Nina kipaji ambacho chuo hakikukiona.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nikasema mtu wa pikipiki ameileta.

Baba akaisoma mara mbili ameketi na mara ya tatu amesimama. Akaenda kuvaa koti lake la kazi, lile la kijivu, akarudi akatufukuza jikoni wote watatu.

Nilichungulia. Kwanza alishika pumba mkononi, akatikisa kichwa, akauliza ukuta ni nani huyo anayetia pumba kavu motoni, alisomea wapi. Kiwandani, akauambia ukuta, ngano hunyunyiziwa maji ikapumzishwa kabla ya kukutana na mashine. Ukiiharakisha inakupiga. Basi akazinyunyizia pumba maji kwa vidole, akazifunika kwa kitambaa, akakaa karibu nazo saa mbili kama anayelinda mtoto. Kisha kikaango kizito, moto mdogo, mwiko hausimami. Nyumba ikanukia biskuti. Akaponda ndizi mbivu chini ya bakuli, pumba juu yake, maziwa ya vuguvugu akayapitisha pembeni, siyo juu, ili za juu zibaki zinavunjika na za chini zilainike.

Akala. Akala lote! Akakwangua. Akafungua daftari akaandika: Sampuli ya kwanza. Inalika. Ndizi iive zaidi.

Nilikuwa ukumbini nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ushindi! Alipotoka nje niliingia nikalamba mwiko.

Ni tamu. Imeniudhi ilivyo tamu. Miaka minne, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia pumba zipumzishwe.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sampuli ya tatu. Kaongeza chumvi kidogo na ufuta. Maoni yanajaza ukurasa.

Saa mbili asubuhi Baba alitoka msalani na uso wa mtu aliyetangazwa mshindi. Hakuna aliyeuliza. Mama aliinua mikono juu akashukuru. Mimi nilikunywa chai yangu kwa unyenyekevu.

Mchana Wifi akaishika ile barua, akaielekeza kwenye mwanga, akainusa. Akaniuliza kwa nini muhuri wa kiwanda unanuka kiazi. Nikamwambia viwanda vina mambo mengi. Akaniangalia. Akasema, wifi, mwambie mwenyewe kabla hajajua kwa mwingine. Nikamwambia wivu utamzeesha.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Balaa!

Baba hasubiri siku saba. Baba ametosheka na matokeo. Kesho anaipeleka ripoti kiwandani yeye mwenyewe, kwa miguu yake, pamoja na mkebe wa sampuli.

Nikamwambia Ijumaa kiwanda hakifanyi kazi. Akaniambia amefanya kazi pale Ijumaa za miaka thelathini na mmoja. Nikamwambia meneja yuko likizo. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia barabara inachimbwa. Akasema atapita pembeni. Nikaficha viatu vyake. Ana jozi nyingine, sikujua.

Mama anapiga koti pasi na anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mwaka jana.

Bado kuna nafasi ya kumwambia. Mlango wake uko hatua nne kutoka hapa nilipo. Nimezihesabu mara kadhaa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Alitoka saa moja asubuhi. Amerudi saa saba mchana. Mkebe mtupu. Hakusalimia. Akaja mezani, akaweka ile barua juu ya sahani yangu, juu ya chakula, akaketi.

Akasema meneja ni kijana mwenye adabu. Alimpa kiti. Aliisoma barua, akasema kwa upole kwamba hawana mpango kama huo, akamwuliza ni nani aliyemwandikia. Baba akasema alimjibu hajui.

“Hapo ndipo nilipoutambua mwandiko wa chini pale ulipotia sahihi. Nilikufundisha mimi kushika kalamu. Lakini sikutaka kumwambia kijana wa watu kuwa ni mwanangu.”

Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze! Nimejiandaa kwa hoja tano. Hakutoka.

Mama amenipa mgongo tangu mchana. Wifi ndiye aliyenisimulia yaliyobaki, alivyoyasikia kwa Mama. Wakati Baba anatoka, wenzake wa zamani walimwona kupitia mlango wa chumba cha machekeche. Mzee Chekeche! Wakamzunguka. Wakaufungua mkebe, wakala kwa vidole, wamesimama, mpaka chini. Mmoja aliomba aandikiwe namna ya kutengeneza, ampelekee mkewe. Baba akaandika, akajaza ukurasa mzima.

Basi! Nikaanza kusema kwamba kwa kweli ukitazama vizuri, kwa matokeo, barua yangu...

Wifi akaniwekea mkono begani. Akasema, usiseme, wifi. Siyo leo.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Siku ya daktari. Baba amemchagua Wifi amsindikize. Mimi, binti yake wa kumzaa! Nilifuata nyuma, hatua ishirini. Nilisimama mlangoni pa chumba cha daktari kama mtu aliyekuja kuuza vitabu.

Daktari amefurahi. Uvimbe umeshuka, damu hakuna. Hakuna kisu. Aendelee hivyo hivyo, na aongeze kutembea nusu saa kila jioni. Akauliza ni nani anayemtengenezea chakula. Baba akasema ni yeye mwenyewe, ni fundi. Daktari akaniona, hakunikumbuka, akauliza na huyu je?

Baba akanigeukia.

Akasema, “Huyo ni binti yangu. Yeye amesoma.”

Tangu saa nne asubuhi nalipindua neno hilo kila upande. Sijui kama nilitukanwa. Nimekasirika kwa pande zote mbili, kwa tahadhari.

Jioni ameniita jikoni. Alikuwa anakaanga. Akasema bila kugeuka kwamba nafaka hii ataila maisha yake yote, na ataitengeneza yeye. Kwa sababu amefikiri sana, na ameona kwamba anayejua kuitenga pumba ndiye anayejua kuirudisha, kwa hiyo ile miaka haikupotea. Hilo amelipata mwenyewe, hakuandikiwa na mtu. Kwangu mimi anataka jambo moja tu. Nikiwa na neno naye, nimwambie usoni. Lolote. Hata likimuudhi.

Nikasema nisamehe, Baba. Nilimaanisha. Akanipa bakuli. Tukala tumesimama, kijiko kwa kijiko. Akaniambia nimepitisha maziwa juu. Nikamwambia nimeona.

Sitafanya tena.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Baba hatembei.

Nusu saa kila jioni, agizo la daktari, na yeye yuko kwenye kiti anasema kwamba mbuzi ndiye anayetembezwa. Anasema alizunguka mashine miaka thelathini na mmoja, amekwisha kutembea. Mama kashindwa. Wifi kamwomba kwa upole wake wote, kashindwa. Hilo la Wifi limenituliza kidogo.

Mimi nimemwambia usoni, kama nilivyoahidi. Nilisimama mbele yake, nikasema, Baba, lazima utembee. Akasema hapana. Kwa hiyo ahadi nimeitimiza. Mtu asije kusema sikuitimiza.

Nimekaa chumbani nikalitafakari kosa langu lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kujihurumia. Sasa naliona wazi. Kosa lilikuwa maandishi. Barua inashikika. Inanuswa, inaelekezwa kwenye mwanga, inapelekwa kwa mameneja. Ina mwandiko. Sauti haina hata kimoja cha hivyo.

Kesho saa kumi Baba atapigiwa simu na Katibu wa Umoja wa Wastaafu wa Viwanda vya Unga. Katibu atamwomba, kwa heshima kubwa, azungukie maduka ya mikate ya mtaa mzima kila jioni, kwa miguu, akague ubora wa unga wanaotumia. Namba ni mpya. Leso ya kuziba mdomo ninayo. Tangu mchana nafanya mazoezi ya sauti, nzito, ya mzee wa miaka sitini mwenye kikohozi kidogo.

Sasa hivi Wifi amegonga mlango, kakasirika kweli, anataka kujua ni mwanamume gani huyo niliyemwingiza chumbani.

Nimefurahi mno.